Mtu Mmoja, Chombo Kimoja

Jumanne asubuhi, mbele ya mashahidi wawili na kuku mmoja, Fundi Mkuu alimfukuza seremala wa kona kwa maneno matamu.

Seremala alikuwa amefika na futi kiunoni na penseli sikioni. Aliyemwita ni mke wa Fundi Mkuu, mshonaji, ambaye alitaka rafu moja tu ya mbao, ya ukutani, futi tano kwa urefu, juu ya cherehani yake. Seremala aliugonga ukuta kwa kifundo cha kidole, akausikiliza kama daktari, akasema, "Hii kazi ya nusu siku, mama. Kesho saa nne nimeshamaliza na chai nimeshakunywa."

"Chai utakunywa," Fundi Mkuu alisema akitokea chumbani na fulana ya kulalia, "ila kazi hufanyi. Mdogo wangu, unajua uko nyumbani kwa nani?"

"Kwako, mzee."

"Karakana ya useremala, miaka thelathini na moja. Thelathini na moja! Mle ndani hakuna randa iliyogusa ubao bila ruhusa yangu. Mafundi arobaini, watu wazima na ndevu zao, kila asubuhi walipanga foleni mbele yangu wakinyenyekea. Leo nije kutundikiwa rafu nyumbani kwangu kama sipo?"

Seremala akavua kofia. Kijana alikuwa na adabu, na adabu nayo mara nyingine huleta hasara. "Samahani, mzee wangu. Ningejua, hata hodi nisingepiga." Akaenda zake, na kabla ya adhuhuri alikuwa ameshachukua kazi ya kutia milango kwenye jengo la ghorofa nne upande wa pili wa mji.

Mashahidi walikuwa shemeji wa Fundi Mkuu, kaka wa mkewe, ambaye alikuwa kinyozi na alinyoa watu kwenye baraza ya nyumba hiyo hiyo, pamoja na mteja mmoja aliyekuwa amenyolewa nusu ya kichwa. Kuku alikuwa wa jirani.

"Baba," mke aliita, pini tatu mdomoni, "una hakika?"

"Na nini?"

"Na rafu."

"Mama, rafu ni nini? Ni ubao uliochoka kusimama, ukaamua kulala. Kazi yangu mimi ni kuulaza tu."

"Hadi Ijumaa utakuwa umelala?"

"Hadi kesho!"

Shemeji akapiga mkasi hewani mara mbili. "Shemeji, mimi nakuamini. Nakuamini kama ninavyoamini mvua ya redioni."

Haraka ya mke haikuwa ya mapambo. Mwalimu mkuu wa shule ya msingi ya mtaani alikuwa anatafuta mshonaji wa sare za watoto mia moja na ishirini. Mwaka uliopita kitambaa alipewa mshonaji mwingine, akakirundika sakafuni. Bomba likavuja, kitambaa kikaota ukungu, na watoto wakavaa mashati yenye madoa kama ramani za nchi ambazo hazijagunduliwa. Tangu hapo mwalimu mkuu alikuwa na sharti moja, na alilisema akiwa amesimama mlangoni, kiti amekikataa: "Kitambaa changu hakilali chini. Jumamosi saa nne nakuja na majora manane. Nikikuta rafu, nayaacha. Nisipoikuta, naendelea na safari. Kuna mshonaji mwingine mbele."

Mwaka mzima mke alikuwa ameishi kwa kubadilisha zipu na kupunguza suruali za watu waliokonda. Hii ilikuwa kazi ya miezi mitatu, kazi ya kumfanya mtu aitwe tena mshonaji na si mama wa zipu. Chumba chenyewe kilikuwa kimejaa cherehani, meza ya kukatia na kiti kimoja. Nafasi iliyobaki ilikuwa ukutani.

Sasa kuna jambo ambalo Fundi Mkuu hakumwambia seremala, wala shemeji, wala huyo mkewe. Kila alichosema kuhusu karakana kilikuwa kweli tupu. Mafundi walipanga foleni. Randa haikutoka bila ruhusa yake. Ila yeye alikuwa upande wa pili wa kidirisha. Alikuwa mtunza stoo. Kwa miaka thelathini na moja alitoa vyombo na kuvipokea, akaandika kwenye daftari, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kukata ubao hata wa kuchokolea meno. Jina la Fundi Mkuu alipewa na mtaa, naye hakuona sababu ya kuwarudishia watu zawadi.

Jumatano alilitoa sanduku uani. Karakana ilipofungwa, wenzake walipewa mkono wa kwaheri. Yeye alipewa sanduku la vyombo, kwa kuwa hakuna mwingine aliyejua idadi yake. Kila mwaka alivipaka mafuta na kuvirudisha kwenye vitambaa vyake, vikalala kama watoto wachanga: msumeno, randa, patasi tatu, nyundo, tindo ya kutobolea ukuta, pimamaji, na vidogo vidogo kama penseli na kisu. Juu ya vyote, daftari.

Akaweka meza ndogo katikati ya ua. Akasimama upande wa huku, akaandika: *Msumeno, mmoja.* Akazunguka meza, akasimama upande wa kule, akatia sahihi kwamba ameupokea. Akarudi upande wa huku, akajikabidhi.

Shemeji alikuwa anachungulia kutoka barazani. "Shemeji, huyo unayempa msumeno unamfahamu?"

"Sura si ngeni."

"Mwangalie vizuri. Mimi namwona ana macho ya wizi."

"Mwenye macho ya wizi ninaye humu," Fundi Mkuu alisema akifunua daftari. "Ukurasa wa kumi na saba. *Bisibisi kubwa, moja. Shemeji. Mara moja tu.* Miaka minne sasa. Hiyo mara moja haijaisha?"

Shemeji alimkumbuka mteja wake ghafla, akarudi kunyoa.

Sheria ya stoo ilikuwa moja, na Fundi Mkuu aliitunga mwenyewe siku za mwanzo, baada ya patasi sita kuota miguu ndani ya wiki moja: mtu mmoja, chombo kimoja. Unataka randa? Rudisha msumeno kwanza. Hata meneja aliwahi kurudishwa kidirishani akiwa na futi mfukoni. Vyombo viwili tu viliruhusiwa kutoka pamoja, tindo na nyundo, kwa sababu hii bila ile haitoboi kitu. Hizo ziliandikwa mstari mmoja, na mafundi walikuwa wakiziita mke na mume.

Mbao alikuwa nazo mbili, za ubavuni mwa kitanda cha binti yao aliyeolewa. Mti mgumu, mkavu, hauna hata fundo. Fundi Mkuu akalaza ubao wa kwanza juu ya ndoo mbili, akaukanyaga kwa goti, akaanza.

Hakuna asilolijua. Alijua kwamba msumeno haulazimishwi, kwamba kiwiko kinakwenda na kurudi njia moja kama mlango wa kusukuma, kwamba anayekaza mkono anakwama. Alikuwa amesikia hayo kwa masikio yake kutoka kwa mafundi arobaini. Lakini kujua kwa sikio si kujua kwa kiganja. Msumeno ulikwama ukalia kama mbuzi. Ulipokwamuka ukashika njia yake mwenyewe, ukapinda kushoto, ukajirekebisha, ukapinda tena, na ulipofika mwisho, mkato ulikuwa kama njia ya ng'ombe wanaokwenda mtoni. Akaurudisha msumeno, akasaini, akachukua msasa. Alisugua hadi alasiri. Malengelenge mawili yalimtoka kiganjani, moja kubwa kiasi kwamba lingeweza kupigiwa hodi.

"Inaendaje, Baba?" mke aliuliza kutoka dirishani, mguu ukiendelea kukanyaga cherehani.

"Inajileta yenyewe!"

Mke akakiangalia kile kiganja kilichokuwa kinafichwa nyuma ya suruali. Akakata uzi kwa meno.

Alhamisi ilikuwa siku ya kutundika.

Fundi Mkuu alijifungia chumbani mwa cherehani. Alikuwa amekwisha kuchonga vipande vitatu vya pembetatu vya kushikilia rafu kwa chini. Akachukua pimamaji, akasaini. Ubao akaubeba kwa kichwa upande mmoja na kwa bega upande wa pili, akajibana ukutani kama mjusi, akainua macho. Kipovu cha pimamaji kilikuwa katikati kabisa, kimetulia kama yai kwenye kiota. Moyo ukamruka kwa furaha. Kilichobaki ni kupiga alama ya penseli.

Penseli ilikuwa kwenye sanduku. Na pimamaji ilikuwa mkononi mwake.

Mtu mwingine yeyote angenyoosha mkono. Fundi Mkuu hakuwa mtu mwingine yeyote. Akashusha ubao, akairudisha pimamaji, akasaini, akachukua penseli, akasaini, akarudi ukutani na kupiga alama pale alipokumbuka. Yeye alikumbuka vizuri sana. Ukuta ndio uliosahau. Kisha akarudisha penseli, akachukua mke na mume, tindo na nyundo, akatoboa. Akachonga vijiti vya kuziba matundu, akavipiga ndani, akatia skrubu kwa bisibisi ndogo, kwa kuwa ile kubwa ilikuwa bado inatumika mara moja tu.

Saa sita akafungua mlango kwa mikono miwili. "Karibuni!"

Wakaingia mke, shemeji, na mteja mwenye povu kwenye shavu moja. Rafu ilikuwepo. Kwa mbali, na kwa mtu mwenye haraka, ilikuwa rafu.

"Tuizindue," Fundi Mkuu alisema. Akachukua rili za uzi za mkewe, kumi na mbili, rangi zote, akazipanga juu yake mstari mmoja.

Rili nyekundu ndiyo iliyoanza. Ilijigeuza kidogo, ikawaza, kisha ikaondoka. Ya kijani ikaifuata. Ya bluu ikaona isibaki. Zilitoka kushoto kwenda kulia kwa nidhamu kama watoto wanaotoka darasani, na kila moja ilipofika mwisho ilidondoka sakafuni, tap, ikaendelea na safari chini ya meza.

"Saba," shemeji alihesabu, machozi ya kicheko yakimlenga. "Nane. Shemeji, usiwakatize. Tisa!"

Fundi Mkuu alirusha mkono kuzizuia, akaegemea rafu, na rafu ikamkatalia. Skrubu zilichomoka na vijiti vyake, na bonge la lipu likaja nazo. Ncha ya ubao ilishuka na kupiga sakafu, kidole kimoja tu kutoka kwenye cherehani. Ukutani likabaki tundu ambalo paka angeweza kulala akajinyoosha.

Shemeji alicheka hadi alipouona uso wa dada yake. Mke hakulia wala hakugomba. Alipapasa cherehani kwanza, kama mtu anayepapasa mtoto aliyeanguka, akaokota rili zake kumi na mbili, akavaa viatu, akatoka.

Aliporudi, jua lilikuwa limeanza kushuka, akapita moja kwa moja jikoni. Aliyemfuata Fundi Mkuu uani ni shemeji, ambaye alikuwa amemsindikiza dada yake. Alikaa juu ya ndoo, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakuanza kwa utani.

"Tumemfuata yule seremala kule ghorofani," alisema. "Kasema mkandarasi kamkalia kooni, hawezi kutoka hadi mwisho wa mwezi. Halafu akamuuliza dada, 'Kwani ile kazi ya Fundi Mkuu imefikia wapi?'"

"Na yeye akajibu nini?"

"Kajibu, 'Inaendelea vizuri.'"

Fundi Mkuu akainamisha kichwa.

"Mbele ya vibarua wote, shemeji. Vumbi limemjaa kichwani, kasimama pale, kasema inaendelea vizuri. Mimi nilikuwa nacheka nini?" Shemeji akainuka, akajipangusa suruali, akaondoka bila kuaga.

Fundi Mkuu alikaa juu ya sanduku mpaka kuku wa jirani akamzoea. Kisha akaenda jikoni, akasimama mlangoni. Mke alikuwa anaosha vikombe.

"Mama."

"Abee."

"Mimi sikuwa seremala."

"Najua."

"Nilikuwa..." Akasita. "Unajua?"

"Ulikuwa mtunza stoo. Shika kikombe hiki, kinateleza."

Akakishika. "Tangu lini umejua?"

"Tangu wiki ya kwanza ya ndoa. Mguu wa kitanda ulilegea, nikakuomba uukaze, ukaniambia kitanda kizuri lazima kipumue." Mke akafunga bomba. "Halafu mikono, kila jioni wino kidoleni badala ya vumbi la mbao. Baba, nimeishikilia mikono hiyo zaidi ya miaka thelathini. Mikono ya seremala haiwi laini kama ya mtoto wa sultani."

"Na hukusema siku zote hizo!"

"Ulikuwa unazisimulia hadithi zako vizuri. Mara nyingine nilikuwa nafunga cherehani mapema nije nisikilize." Akamgeukia, na sasa macho yake yalikuwa makali. "Lakini Jumanne ulimfukuza mtu niliyemwita mimi. Hapo hukunisimulia kitu. Hapo ulinifunga mikono."

Fundi Mkuu alikiweka kikombe chini polepole. "Nisamehe, Mama," alisema mwishowe. Neno hilo lilikuwa fupi, ila halikuwa na chumvi hata chembe.

Mke akajikausha mikono. "Haya. Ubao wa pili upo?"

"Upo."

"Kesho ni Ijumaa. Sasa niambie, wale watu arobaini waliokuwa wanapanga foleni, walikuwa wanasema nini walipokuwa wanarudisha vyombo?"

"Walikuwa wanalalamika."

"Kuhusu nini?"

Fundi Mkuu alifungua mdomo, na likatoka gharika. Walilalamika kwamba kijiti kikipwaya skrubu haishiki, lazima kiwe kinene kuliko tundu na kiingie kikilia. Walilalamika kwamba randa ikishushwa jino sana inararua. Kulikuwa na mzee mmoja wa mkono wa kushoto ambaye kila siku, kabla ya kuomba msumeno, aliomba kisu...

"Kisu cha nini?"

"Cha kuchana mstari kwanza. Alisema msumeno ni kama ng'ombe, ukiuchorea mfereji utaufuata."

Mke alikuwa amekwisha kutabasamu. "Mimi nimekata nguo kwa kufuata mstari tangu nina miaka kumi na sita," alisema. "Maneno yako, mikono yangu."

Ijumaa asubuhi ua ulikuwa na watu wawili na meza katikati. Fundi Mkuu alisimama upande wake, kalamu mkononi, shati safi. Mke akasimama upande wa pili.

"Unataka nini, fundi?"

"Kisu, bwana stoo."

"Saini."

Akasaini. Alipima kwa futi yake ya kushonea, akapiga mstari kwa chaki ya kitambaa, akauchana kwa kisu, akarudisha, akachukua msumeno. Kwanza ulimkwamia.

"Usiukabe, Mama. Ushike kama unamshika kifaranga. Mzigo wa kukata ni wake, wako ni kumwonyesha njia tu. Kiwiko karibu na mbavu."

Mke akalegeza mkono, akavuta pumzi, akaanza tena. Msumeno ukaacha kulia, ukaanza kuimba. Kipande kilipoanguka, mkato ulikuwa umenyooka kama pindo la suruali ya bwana harusi. Wote wawili waliinama kuuangalia, vichwa vikagongana.

Randa iliruka na kurarua. "Jino limeshuka sana," Fundi Mkuu alisema papo hapo. "Waliokuwa wanairudisha hivyo walikuwa wanairudisha wakitukana. Mgonge taratibu kisogoni, huyo, basi." Maranda yakaanza kutoka marefu, membamba, yamejikunja kama utepe. Mke akalivaa moja shingoni, akazunguka nalo ua mzima akitembea kwa maringo, na Fundi Mkuu akacheka hadi akakosea tarehe kwenye daftari.

Mchana wakahamia ukutani, hatua moja pembeni ya lile tundu la aibu. Mke akashika ubao, pimamaji juu yake. Kipovu kikatulia katikati.

"Penseli!" akasema.

Mkono wa Fundi Mkuu ulikwenda kwenye penseli, ukasimama hewani. "Mama... una pimamaji."

"Nakuomba penseli, Baba, shingo inaniuma."

"Mtu mmoja, chombo kimoja. Sheria haikuwahi kuvunjwa. Meneja mwenyewe..."

"Tindo na nyundo zinatoka pamoja?"

"Zinatoka. Zile ni jozi, mstari mmoja. Mke na mume."

"Na sisi ni nini?"

Fundi Mkuu akaliangalia daftari, akamwangalia mkewe aliyekuwa na ubao begani na ule utepe wa maranda ukining'inia shingoni. Kisha akaandika, polepole, kwa mwandiko wake mzuri wa kazini: *Pimamaji na penseli. Jozi.* Akatia sahihi yake, akasogeza daftari, mke akatia yake pembeni kwa mkono uliobaki. Ndipo Fundi Mkuu akainuka, akapiga alama mwenyewe wakati mkewe amekishikilia kipovu kisitoroke.

Vijiti vilichongwa vinene, vikaingia vikilia kama walivyosema mafundi. Skrubu nazo zilikuwa nene, na bisibisi ndogo ikawa inateleza juu ya vichwa vyake bila kufanya lolote. Hapo ndipo kikohozi kikasikika mlangoni. Shemeji alikuwa amesimama na kitu nyuma ya mgongo.

"Nimekuja kurudisha," alisema akiangalia dari. "Ile mara moja imekwisha."

Fundi Mkuu akafunua ukurasa wa kumi na saba, akampa kalamu. "Ulikuwa unaitumia kwa nini, miaka minne?"

"Kukazia kiti cha wateja."

"Na sasa?"

"Sasa wakae kwa tahadhari."

Tundu la zamani walilibandika saruji kidogo na juu yake wakatundika kalenda ya mwaka juzi.

Jumamosi saa nne kamili mkokoteni ulisimama mlangoni, na juu yake majora manane yamefunikwa kwa turubai. Mbele yake alitangulia mwalimu mkuu, mama mrefu mwenye mkoba mzito, na nyuma yake ilifuata nusu ya mtaa, kwani shemeji alikuwa amenyoa watu tisa asubuhi hiyo na wote aliwasimulia.

Mwalimu mkuu akaingia, akaitazama rafu. Akaikagua kwa chini. Akaikagua kwa pembeni, jicho moja amelifumba.

"Imelala sawa?"

"Tazama mwenyewe, mwalimu," Fundi Mkuu alisema, akachomoa penseli sikioni na kuiweka juu ya rafu. "Haitikisiki!"

"Mzee, hiyo ni penseli ya seremala. Ni bapa. Hata ukiiweka juu ya paa itakaa." Watu mlangoni wakaguna. "Mimi nafundisha hesabu. Nipeni kitu cha mviringo."

Mke akampa rili ya uzi. Ilikuwa ile nyekundu. Mwalimu mkuu akaiweka katikati, akaondoa mkono. Rili ikajigeuza kidogo, na shemeji akafumba macho. Ikajigeuza tena kidogo, kama mtu anayetafuta upande wa kulalia, kisha ikatulia.

Mwalimu mkuu hakuridhika. Aliweka mkoba wake chini, akaishika rafu kwa mikono miwili, akajining'iniza hadi visigino vyake vikaacha sakafu. Rafu haikutoa hata mlio. Akashuka, akajinyoosha gauni.

"Leteni majora," akamwambia mwenye mkokoteni. Kisha akageuka. "Kazi hii ni ya nani? Nina madarasa saba, vitabu vyote viko chini, na mafundi wanaokuja wananiletea maneno. Nani katengeneza?"

"Ni Fundi Mk..." mtu mmoja alianza kule mlangoni, na macho yote yakamwendea mzee.

Fundi Mkuu alimwangalia mkewe. Mke alikuwa na pini mdomoni, na kwa macho alikuwa amemwachia yeye jibu. Angeweza kuichukua sifa hiyo. Ilikuwa pale pale, tamu, imeiva, na nusu ya mtaa ilikuwa inasubiri kumpigia makofi.

"Fundi ni huyu hapa, mwalimu," alisema. "Kapima, kakata, kapiga randa. Mimi ni mtunza stoo."

"Stoo?" mteja mmoja aliuliza. "Si ulikuwa mkuu wa karakana?"

"Stoo. Miaka thelathini na moja, na sikupoteza hata msumari." Akamgeukia shemeji, aliyekuwa ameachama. "Wewe funga mdomo. Ukurasa wako nimeufunga jana, usinifanye niufungue."

Kicheko kikazuka mlango mzima, lakini kilikuwa cha kumkaribisha mtu ndani. Mke akatoa pini mdomoni, moja baada ya nyingine.

"Na mimi, mwalimu, bila stoo sishiki msumeno," alisema. "Ukituita, tunakuja wote. Sisi tunaandikwa mstari mmoja."

"Basi Jumatatu mje kupima kuta," mwalimu mkuu alisema. Akaichukua ile penseli kutoka rafuni, akaandika kwenye karatasi kwamba ameacha majora manane kwa mshonaji, akatia sahihi, akaitumbukiza penseli kwenye mkoba wake bila kufikiri, na kuelekea mlangoni.

"Mwalimu!" Fundi Mkuu aliita. "Samahani. Penseli."

"Aa. Nitairudisha Jumatatu, mzee."

"Hakuna shida hata kidogo." Alikuwa amekwisha kufika nyuma ya meza yake ndogo uani, daftari limefunuliwa, kalamu ameielekeza. "Saini hapa."

Mwalimu mkuu, ambaye alikuwa amewasimamisha watoto wa mtaa ule mzima kwenye mistari kwa miaka mingi, alimtazama, akatazama daftari, akashusha mkoba. Akaja akasimama mbele ya meza, upande wa pili, akangoja kalamu. Chumbani jora la kwanza lilikuwa linapanda rafuni. Ilikuwa foleni ya mtu mmoja tu, lakini Fundi Mkuu alinyoosha mgongo, akakohoa kidogo, akauliza kama alivyouliza kila asubuhi kwa miaka thelathini na moja:

"Haya, nani anafuata?"